Albamu Iliyomnyoosha Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa na kigugumizi tangu alipoanza kusema. Hakikuwa kile cha kusitasita kidogo halafu mtu anaendelea na habari zake. Neno likimkwama, lilikwama kweli. Macho yalijifumba, shingo ikakakamaa, kidevu kikapanda juu, na sisi tuliokuwa mezani tuliangalia sahani zetu mpaka litoke. Darasa la nne mwalimu mmoja alimsimamisha asome kwa sauti mbele ya wenzake, akakataa kumruhusu akae kabla hajamaliza ukurasa. Kaka alijikojolea pale mbele. Alirudi nyumbani akakaa shambani katikati ya miraa mpaka nguo zikakauka, na ni mimi peke yangu niliyeambiwa.

Mama yetu alikuwa mjane, mkulima wa miraa pale Kangeta, mtu wa kanisa sana. Alimpenda kaka, na alimwonea haya. Vyote viwili vilikaa pamoja ndani yake na sijui kama yeye mwenyewe aliwahi kuvitenganisha. Kila mhubiri mgeni aliyefika kwenye mkutano wa injili alimwekea kaka mikono kichwani, maana mama alikuwa amekwisha kumsukuma mbele. Hakuna kilichobadilika. Ajabu ni kwamba kanisani akiimba nyimbo za kitabu, kaka hakukwama hata mara moja. Sauti ilitoka imenyooka, nzuri, na mama alikuwa anageuka kwenye benchi kumtazama. Ibada ikiisha, alimwambia njiani, "Unaona? Mdomo wako ni mzima. Ni wewe hutaki kuutumia."

Alipomaliza shule akawa mchoraji wa mabango. Maduka mengi ya mji wa Maua yalikuwa na mabango ya mkono wake: duka la dawa, hoteli, mahali pa kunyolea. Kazi hiyo ilimfaa kwa sababu mwenye duka ndiye aliyeongea, yeye alichora. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya ualimu katika shule ya msingi mjini Embu, nikirudi nyumbani wakati wa likizo na wikendi chache.

Bendi ilianza katika kibanda cha fundi wa kuchomelea vyuma, nyuma ya soko la Maua. Fundi huyo alikuwa amesoma sekondari na kaka. Alikuwa ametundika diski kuukuu za plau la trekta kwa minyororo, akaweka na pipa la lami, akaviita ngoma zake. Kaka alikuwa na gitaa la umeme aliloliuziwa na kanisa lilipopata jipya. Mimi nilipiga kinanda cha kukanyaga, cha zamani, ambacho funguo zake kadhaa zilikuwa zimekufa. Hivyo tulikuwa watatu. Watu walituuliza kama hiyo ni benga au ni rumba au ni nyimbo za Mungu. Tulijibu kwamba ni roki. Fundi alikuwa anacheka kila tukisema hivyo, kwa sababu hakuwa na hakika.

Kaka hakutaka kuimba kama kanisani. Nilipomuuliza sababu, aliweka gitaa chini kwanza ndipo akajibu.

"Nikiimba vile, ni mtu mwingine anaimba," akasema, na ilimchukua muda kumaliza. "Mimi nataka n-n-niimbe mimi."

Basi nyimbo zake zilikuwa nusu kuimba nusu kuongea, kwa Kimeru na Kiswahili, na kigugumizi alikiacha kiingie. Neno likimkwama, fundi aligonga diski kwa kila silabi iliyorudiwa, na mimi nikashikilia noti ileile mpaka neno litoke. Wakati mwingine lilitoka haraka. Wakati mwingine nilikanyaga mpaka miguu ikaniuma. Kwa hiyo hakuna wimbo uliofanana na ulivyokuwa jana yake, na hakuna aliyeweza kuucheza dansi. Kulikuwa na wimbo mmoja kuhusu mtu aliyetumwa dukani kununua mafuta ya taa, akafika akasahau ametumwa nini, akaona aibu kurudi nyumbani kuuliza, akaendelea tu kutembea. Ulikuwa mrefu sana. Kaka aliupenda kuliko zote.

Albamu ya kwanza tuliirekodi mlemle kibandani. Mvua ilinyesha juu ya mabati siku mojawapo na tukaiacha ndani. Kaka alichora jalada la kila CD kwa mkono, moja moja, hakuna lililofanana na jingine. Walionunua walikuwa wachache. Nesi mmoja wa Maua alikuja kibandani na machozi akasema ana mdogo wake anaongea hivyo. Wanafunzi wawili wa chuo walikuwa wanakuja Jumamosi kukaa juu ya magunia ya saruji kutusikiliza. Mtangazaji mmoja wa redio ya lugha za kwetu aliucheza wimbo mmoja ili wasikilizaji wacheke, na walicheka, walipiga simu wakicheka. Kaka alikisikiliza kipindi chote akiwa juu ya ngazi anachora bango. Aliposhuka aliniambia kwamba angalau walikwama pamoja naye.

Mama hakuisikiliza. Nilimpelekea nakala, akaiweka ndani ya kabati na vyombo vya wageni. "Mbona unamsaidia kujianika?" akaniuliza. Ninachokijua ni kwamba miezi ile kaka alikuwa mzima kuliko wakati wowote niliomwona. Alianza kuingia madukani na kuomba kitu kwa mdomo badala ya kuonyesha kwa kidole. Alikwama, watu wakangoja, akanunua, akatoka.

Prodyuza tulikutana naye kwa sababu yangu. Alikuwa mtu wa Embu aliyefanya kazi Nairobi miaka mingi, akarudi nyumbani na kufungua studio ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulisali kanisa moja. Nilimpa CD, akaisikiliza, akaja kuniona shuleni wakati wa chai.

"Mwalimu, huyu ndugu yako ana kitu," akasema. "Lakini kimefunikwa. Mtu wa kawaida hawezi kufika mahali kilipo. Nipe likizo moja tu."

Hakuwa mtu mbaya. Nimetafuta ubaya wake mara nyingi, ningependa kuupata, na sijaupata. Hakutudanganya. Hakutusukuma. Alituambia wazi kwamba anataka kutengeneza albamu ambayo mama wa mtu anaweza kuicheza jikoni, na sisi sote watatu tulikubali, kwa sababu kuchekwa kunachosha hata kama mtu anajifanya hakumuumi.

Tulirekodi wakati wa likizo. Kaka na fundi walikuja Embu wakalala kwangu sebuleni. Siku za mwanzo zilikuwa za raha. Kulikuwa na zulia ukutani, na chai kwenye thamosi, na maikrofoni ambayo ilinasa hata kupumua. Prodyuza alifupisha nyimbo. Aliipa kila moja kiitikio. Ule wa mafuta ya taa aliukata ukabaki kidogo, akaomba tuongeze maneno ya kurudia, "Nirudishe nyumbani," na ghafla ukawa kama maombi. Diski za plau hazikukaa sawa na mashine yake, basi akazitoa, akaweka ngoma za kompyuta. Kinanda changu akakifunika kwa fidla ambazo hazikupigwa na mtu yeyote. Fundi alisikiliza wimbo mzima akiwa amekunja mikono, ukaisha, akauliza kwa upole, "Sasa mimi niko wapi hapa?"

"Uko ndani," prodyuza akamwambia. "Wewe ndiye ulionyesha njia."

Fundi hakubishana. Alirudi Maua kesho yake, akasema ana geti la mtu la kumaliza.

Halafu ikaja siku ya sauti. Kaka alikuwa ameimba vizuri, akikwama mahali alipokwama. Prodyuza alituita kwenye kompyuta. Sauti ya kaka ilikuwa imechorwa kwenye skrini, vilima na mabonde, na mahali pa kukwama palionekana kama meno ya msumeno. "Ngoja niwaonyeshe kitu," akasema. "Mkikataa narudisha." Akachagua meno yale, akayafuta, akavuta kilichobaki kikaungana. Akacheza.

Neno lilipita. Lilipita tu, kama maji ya bomba.

Sijawahi kuuona uso wa kaka vile. Alisogeza kiti karibu. "Rudia," akasema, na neno hilo, sijui kwa nini, halikumkwama. Prodyuza akarudia. "Rudia." Akarudia tena. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, nikatambua kwamba kaka alikuwa anamsikia kwa mara ya kwanza mtu ambaye mama alimwombea awe.

"Tuache hivi au nirudishe ya kwanza?" prodyuza akauliza.

Kaka alitikisa mkono kwamba aendelee. Wakakaa hapo wakifuta, wimbo baada ya wimbo, na nilipowaletea chakula hakuna aliyegeuka.

Albamu ilikuwa nzuri. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa mbaya, iwe rahisi. Ilikuwa nzuri sana. Niliisikiliza nikifua nguo nikajikuta naimba. Redio ileile iliyotucheka iliucheza wimbo wa "Nirudishe nyumbani", safari hii bila kucheka, na baada ya muda nikawa nausikia sokoni Embu na kwenye simu za wazazi wa wanafunzi wangu. Watu waliuchukulia kuwa wimbo wa injili. Nesi wa Maua alimwambia fundi kwamba ameisikia albamu mpya, kwamba ni safi, na hakurudi tena kibandani. Wale wanafunzi wa chuo pia walipotea. Hawakutukana wala kulalamika, waliacha tu kuja.

Mama ndiye aliyeipenda kuliko wote. Alinipigia simu shuleni katikati ya somo. "Mwari," akaniita, vile anavyoita binti yake akiwa na furaha, "nimemsikia! Nimemsikia ndugu yako kwa redio! Mungu amemfungua ulimi!"

Nilimweleza mambo ya kompyuta. Nilimweleza taratibu, kwa Kimeru, jinsi vipande vilivyofutwa. Akasema mimi nimesoma sana, ndiyo maana siwezi kuona muujiza ukiwa mbele yangu.

Akaenda kupanga ibada ya shukrani. Hakumwambia kaka. Kaka alienda kanisani Jumapili kama kawaida, na katikati ya ibada mama akasimama na sadaka yake ya ndizi na kuku, akasimulia miaka ya maombi, kisha akamwita mwanawe aje mbele awasalimie watu kwa ule ulimi mpya. Nilikuwepo. Kaka alitembea mpaka mbele kwa sababu hakuna njia ya kumkatalia mama yako mbele ya kanisa. Alishika maikrofoni. Wote walimtazama kwa upendo, hilo ndilo lililokuwa baya. Shingo ikakakamaa, macho yakajifumba. Neno halikutoka. Zamani kwenye kibanda angekaa nalo mpaka litoke, na sisi tungekaa naye. Siku hiyo nilimwona akiliachia. Alilimeza, akarudisha maikrofoni, na mchungaji akaanzisha wimbo haraka ili kumsitiri.

Nyumbani mama alikuwa ameketi na kitambaa cha kichwa mkononi. Hakulia. Afadhali angelia.

"Kwa redio unaongea vizuri," akamwambia. "Nimesikia kwa masikio yangu. Kanisa lote limesikia. Mbona mbele ya watu wa Mungu unakataa? Nimekukosea nini?"

Kaka alifungua mdomo. Tulingoja. Mama aliinua mkono, kama mtu anayefukuza nzi, akasema, "Basi. Usijisumbue. Najua unaweza."

Nadhani bendi ilikufa hapo, ingawa tuliendelea kidogo. Tuliitwa kwenye tamasha Maua, na waliotuita walitaka albamu, kama ilivyo. Fundi hakuwa na namna ya kupiga ngoma za kompyuta kwa diski za plau. Mwishowe CD ilichezwa kwenye spika na sisi tukasimama mbele yake. Kaka alichezesha midomo. Watu walifurahi, waliimba naye, mwanamke mmoja alimrushia shali. Tuliposhuka fundi alijaribu mzaha fulani na kaka akampita kana kwamba hamjui.

Baada ya hapo tulijaribu kurudi kibandani. Nilikuja Jumamosi, kinanda kikapanguswa vumbi. Kaka alianza wimbo, akakwama, fundi akagonga diski kama zamani, na kaka akaacha kupiga gitaa.

"Usinigongee," akasema.

"Si ndivyo tulivyokuwa tunafanya?"

"Nimejua inavyo—" Akakwama. Tulingoja, na hatukuthubutu kushika chombo chochote. "Inavyotakiwa," akamaliza, karibu kwa kunong'ona. "Nimeshajisikia kwenye CD. Siwezi tena k-kujisikia hivi."

Alifunga gitaa kwenye gunia lake akaondoka. Fundi alibaki akishika mnyororo wa diski isitikisike. Hatukuwahi kupiga tena, sisi watatu, wala wawili wetu.

Nilimwendea prodyuza baadaye kuuliza kama amehifadhi sauti zile za mwanzo, kabla hazijakatwa. Sikuwa na mpango, nilitaka tu ziwe mahali. Alisikitika kweli. Kompyuta ile aliisafisha alipoanza kazi nyingine, hakufikiri kwamba kuna mtu angezitaka. Alinipa chai. Tulizungumza habari za kwaya.

Kaka aliacha mabango ya Maua kwa sababu kila mwenye duka alitaka kumsifu na kumwambia aimbe kidogo. Alihamia Kiambere, huko Mbeere karibu na bwawa, ambako hakuna aliyemfahamu. Alipaka rangi shule na vibanda. Nyumbani alikuja Krismasi, akala, akamsaidia mama kupunguza matawi ya miraa, akasema "ndiyo" na "hapana". Mama alikuwa akiicheza albamu jikoni asubuhi, kaka akiwa nje uani anakata kuni. Nilimwomba aizime. Akasema, "Hii ndiyo inaniongelesha. Yule wa nje amekataa."

Mama alipougua haukuwa ugonjwa wa muda mrefu. Alizikwa shambani, na kaka akiwa kifungua mimba alipaswa kusema neno la familia. Nilimwambia nitasema mimi. Alikataa kwa kichwa. Alikuwa amevaa koti la baba, na niliona amejiandaa. Nilithubutu kutumaini kidogo, siwezi kukataa.

Alisimama kando ya jeneza, akashika maikrofoni, akaanza. Neno la kwanza likamkwama. Safari hii hakuliachia. Alibaki nalo, macho yamefumbwa, jasho likimtoka, na nikaanza kusema moyoni, ngojeni, ngojeni tu, litatoka. Watu walianza kukohoa. Mchungaji akaangalia chini. Na kijana wa vyombo vya sauti, kwa nia njema kabisa, akidhani anaokoa familia na aibu, akabonyeza wimbo ambao kila mtu alijua mama aliupenda.

"Nirudishe nyumbani," sauti ya kaka ikatoka kwenye spika, imenyooka, laini, haina hata kovu. Wanawake wa kanisa waliitikia. Mmoja nyuma yangu alisema, "Ameimba vizuri, maskini, amemwimbia mama yake." Kaka alifungua macho. Alisimama pale na maikrofoni iliyozimwa mkononi mpaka wimbo ukaisha, maana hakuna aliyemwambia aketi.

Mwaka uliofuata nilienda Kiambere kumtembelea. Joto lilikuwa kali. Nilimkuta anapaka rangi ukuta wa darasa, ramani ya Kenya, na nikakaa kwenye kivuli cha ukuta nikimtazama anavyoenda na mpaka wa nchi polepole. Nilimpa habari: fundi amepata mtoto wa pili, ule mti mkubwa wa miraa karibu na kaburi umeshikwa na ugonjwa. Aliitikia kwa kichwa. Nilipokuwa nimebakiza maneno machache nikamuuliza nililokuja kuuliza.

"Huwa unaimba hata ukiwa peke yako?"

Alichovya brashi.

"H-hapana," akasema.

"Hata za kitabu?"

Alitikisa kichwa, akarudi kwenye ukuta wake. Kulikuwa na sehemu ya kaskazini bado haijapakwa, na jua lilikuwa linaifikia, kwa hiyo alihamisha ngazi. Nilimshikia. Tulifanya hivyo mpaka akamaliza rangi ya kahawia, halafu nikaenda stendi kutafuta gari la kurudi Embu. Siku hizi nikimpigia simu hapokei. Ananiandikia ujumbe baadaye, neno moja, kwamba yuko sawa, na mimi huandika kwamba nimeupata.